Mstari wa Mukhwana

Sisi ni sita. Karani wa mizani
hulipa kwa tani, si kwa jasho la mtu.
Trela likijaa, hela hugawanywa:
aliyekata mistari minne na aliyekata miwili
hupokea noti zile zile,
zenye unyevu wa kiganja kimoja.

Jumatatu Mukhwana alikata nusu ya mstari,
akainama kama atafutaye sarafu iliyodondoka,
akakohoa, akasema ni majivu tu.
Kweli, miwa ilichomwa usiku,
wote tulitema weusi.
Ila sisi tulitema tukaendelea.

Nilihesabu. Sitaficha.
Nilihesabu karo ya Sitati, unga, deni la dukani Kanduyi,
nikaona Mukhwana ananila
polepole, kama mchwa ulapo fremu ya mlango.

Jumanne Wafubwa, asiyependa maneno,
alimaliza mstari wake, akanoa panga,
akauingia wa Mukhwana kutoka upande wa mto Nzoia,
ili wakutane katikati
na ionekane mwenzake kafika mbali.
Nasimiyu akafuata.
Khisa akafuata, akilalamika kwa sauti.

Nami nikaingia. Usinisifu.
Niliingia kwa sababu daftarini tumeandikwa sita,
na kundi la watano huletewa trela mwisho,
miwa ikiwa imekauka na uzito umepotea.
Kwa sababu Khisa alikuwa ananitazama.
Kwa sababu goti langu la kushoto
limeanza kulia alfajiri kama bawaba,
nikataka deni hili liandikwe mahali
kabla ya siku yangu.

Lakini saa saba, jua likiwa kisogoni,
nilisikia pumzi yake ng'ambo ya miwa
ikipanda, ikikwama,
na panga lake: chwa. Kimya. Chwa.
Nikajikuta nakata kwa mwendo ule ule,
namsubiri,
sihesabu chochote.

Ilidumu hatua kumi, labda kumi na mbili.
Kisha nikakumbuka karo.

Ijumaa tulilipwa. Noti sawa.
Mukhwana alizihesabu mara mbili, akaziweka soksini,
akabakiza moja, akaenda kwa mama wa mandazi,
akarudi na sita ndani ya gazeti lililoloa mafuta.
Hakusema ni ya nini.
Akaninyooshea mimi kwanza.

Nikachagua kubwa.

Akaliona. Akacheka mpaka akakohoa,
na Wafubwa akampiga mgongoni kwa kiganja,
taratibu,
huku akitafuna.