Mkwaruzo wa Kumi na Tisa

Rangi hii haikupakwa kwa brashi.
Ilipulizwa ikiwa unga, mkavu kama wa muhogo,
umeme ukaubandika kwenye chuma,
tanuri likaupika hadi ukawa ngozi.
Hivyo walinieleza walioileta boti, vipande vipande, juu ya lori.
Mimi siwezi kufanya kama wao:
tanuri la kumeza boti nzima halipo Bukavu,
na ugali haurudi kuwa unga.

Zihindula, mwenye boti, analipa kwa mkwaruzo,
franga elfu tatu kila mmoja.
Alfajiri tulizunguka, yeye na kalamu, mimi na chaki:
hapa palipoburuzwa mapipa ya mafuta,
hapa mnyororo wa nanga,
hapa kitanda cha chuma cha bibi arusi wa Idjwi
aliyekataa kukilaza juu ya makaa ya watu.
Kumi na nane, akasema.
Kumi na tisa. Umeruka chini ya benchi.

Akainama.
Kwenye nguzo ya tatu, upande wa kushoto,
mtu mfupi, kwa msumari au kwa ufunguo, ameandika
NSIMIR
akakoma.

«Huo ni mmoja.»
«Ni herufi sita. M peke yake ina mikwaruzo minne.»
Tulibishana hadi muuza sambaza akatua beseni
ili asikie vizuri.
Tukaafikiana: miwili.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Waliosema hawakushika msasa.
Huu ukiuziba tu, umeitandikia kutu kitanda
na kuifungia mlango.
Lazima kwanza uupanue.
Ninachomeka ncha ya kisu ukingoni:
samawati inayong'aa, nzima machoni,
inabanduka kama gamba la kidonda,
na chini yake kutu imetembea urefu wa kidole changu.
Kikulacho ki nguoni mwako, sawa;
hawakuniambia kwamba nguo yenyewe
inaweza kuwa mpya.

Sabuni. Spiriti. Msasa mkali, msasa laini,
mpaka kidole kikipita kisijue
rangi imeishia wapi.
Praima ya kijivu kabla ya saa nne,
maana mchana upepo huteremka na vumbi la Kadutu
likalala juu ya kila kibichi.
Rangi ya kopo nimeichanganya mwenyewe siku mbili,
tone la nyeusi, tone la nyeupe,
nikiijaribia kwenye kifuniko cha sufuria ya Ntakwinja.
Akasema inafanana.
Jikoni, ndiyo.
Kifuniko hajanisamehe.

Jina nililiacha mwisho.
Nililala ubavu chini ya benchi, maji yakigonga sikio la pili,
na mawazo yakaenda kwanza kule yanakoendaga
mawazo ya watu wa huku.
Nikayarudisha.
Pengine boti ilifika tu.
Pengine mama alisema simama, shika mfuko.
Au msumari ulikuwa na mwenyewe, akaudai.
Sikuwa na wa kumwuliza.
I ya pili ilikuwa imeinama.
M ndiyo iliyokuwa na kutu nyingi.

Jioni Zihindula akaja na tochi.
Akahesabu, akakagua, akatafuta chini ya benchi.
«Hauonekani. Nilipe nini?»
Nikamwambia asogeze tochi pembeni, asimulike usoni.
Hapo akauona: samawati yangu imekolea kuliko ya tanuri,
bapa refu, lililonyooka,
lenye nafasi ya herufi saba.

Akapitisha kidole mpaka mwisho wake wa kulia.
«Huku hakukuwa na kitu.»
«Kutu hutembea,» nikasema.

Akalipa elfu sita,
noti moja ikiwa imeungwa kwa utepe katikati.
Nikaigeuza mara mbili kwenye mwanga.
Nikaipokea.