Kidole Gumba

Ini zuri nalijua kwa kidole gumba.
Alfajiri, machinjioni, nalibonyeza:
likizama kidogo kisha likarudi,
likang'aa kama sabuni iliyolowa, nanunua.
Lenye mnyoo lina ukaidi,
kisu kikipita kinalia kama kimekuta mchanga.
Hilo mkaguzi hulimwagia wino, likaenda shimoni,
na hakuna anayeuliza ng'ombe alikunywa nini.

Jioni nakaanga Kirumba, ubavuni mwa baa,
vitunguu, ndimu, pilipili mbuzi,
nasikiliza kesi isiyo na hakimu.
Rwechungura: "Rubisi ni ndizi. Nani kafa kwa ndizi?"
Shigela, fundi nyavu, anatetea wanzuki:
"Asali ni dawa, kawaulize nyuki."
Kaka yangu Malagashimba, mwalimu, bia sita baridi:
"Hii ina kiwanda. Ina tarehe. Ina muhuri."
Kisha wote watatu wanamgeukia Lusangija
na gongo yake kwenye chupa ya maji.
"Wewe ndiye utakufa. Sisi tunaburudika."

Nilicheka nao.
Cha mlevi huliwa na mgema,
na kinachobaki huliwa na mwenye kikaango.

Aliyeanza kugeuka rangi hakuwa Lusangija.

Macho ya kaka yalikuwa kiini cha yai la kienyeji.
Jirani akasema nyongo, shangazi akasema mtu.
Tumbo likajaa, miguu ikabaki ya korongo,
suruali ya kufundishia akaifunga kwa kamba.

Bugando, kilimani, binti mwenye kope ndefu
alimpaka tumboni kitu cha baridi kama kamasi ya kambare,
akageuza kioo nikaliona.
Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Nilitaka kulibonyeza.

Daktari alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha.
"Ini halisomi lebo, mama.
Halijui ndizi, halijui asali, halijui kiwanda.
Gongo kipimo kidogo, bia chupa nzima,
likifika kule linapima spiriti tu, na linajumlisha."
Sita kila jioni, miaka kumi na tisa.
Nilipiga hesabu kama ya mauzo, mara mbili,
nikapata chupa elfu arobaini na moja na ushee.
Kisha akauliza: "Utotoni mlioga ziwani?"
Tukatazamana, tukacheka kwa mara ya mwisho mwaka ule.
Nani hapa hakuoga ziwani?
Kumbe kichocho kilitangulia kupanga chumba,
bia ikaja na godoro.

Mji wetu ni wa mawe, tumejenga juu yake,
tumeanika dagaa juu yake.
Sikujua mawe huota na ndani.

Jioni ile Rwechungura aliagiza sahani mbili.
Husemwa kuna maneno hukata maini;
mimi nilikuwa na kisu tu, na maneno sikuyapata.
Nilimwambia: "Jumlisha."
"Nijumlishe nini?"
"Jumlisha tu."
Lusangija alifunga chupa yake, akaifungua tena.

Kaka yuko nyumbani Kitangiri, anakunywa uji usio na chumvi,
anasahihisha madaftari ya watoto ambao si wake tena.
Haniulizi likoje. Ananiuliza biashara.

Leo mkaguzi amepasua ini, akaligeuza, akanipa.
"Zima," kasema.
Nimeomba dakika. Nimeweka kidole.
Watu nyuma yangu wananung'unika foleni haisogei.