Safu ya Tofauti

Mezani pangu nyaraka tatu, lugha tatu,
na chai iliyopoa tangu saa nne.
Kutaisi kunanyesha. Mkuu wa idara ameagiza jedwali:
safu ya kwanza nchi, ya pili ibara,
na ya tatu, nyembamba kama ufa,
ameiita Tofauti.

Naanza na vali, ile inayojifunga mwali ukizimika.
Waraka wa kwanza unaipa sekunde sitini.
Wa pili, tisini.
Wa tatu, wa zamani, wenye harufu ya kabati,
unataka ijifunge "kwa wakati ufaao",
kana kwamba gesi nayo huvaa saa.

Tisini toa sitini.
Nimekaa nikaitazama saa ya ukutani
nijue thelathini ni kitu gani.
Ni kumenya kiazi kimoja bila haraka.
Ni mtoto kutafuta kiberiti, kukipata,
kukitikisa sikioni asikie kama kina njiti.
Naandika: 30.
Safu inaimeza tarakimu, kimya.

Kisha maneno, na maneno ndiyo yanayonichosha.
Huku: chumba chenye hita sharti kiwe na tundu la hewa.
Kule: yafaa kiwe nalo.
Sharti. Yafaa.
Mkuu amechungulia juu ya bega langu, akasema,
"Andika tofauti ya lugha, Tsiala, tusonge mbele."

Mimi nimewahi kuingia ndani ya hiyo yafaa.
Iko ghorofa ya nne. Ilikuwa Novemba.
Nilitumwa na kipimo changu mkobani
baada ya gari la wagonjwa, si kabla.
Anzor Shubitidze, fundi wa piano,
mtu aliyesikia waya uliolegea kwa unywele.
Mwezi uliotangulia alikuwa ametia madirisha mapya,
ya plastiki, vioo viwili viwili,
akawaringia majirani kwamba ngurumo za malori
sasa zinaishia nje.

Ziliishia nje. Hewa nayo ikaishia nje.

Na hita ilikuwa nzima! Hilo ndilo siwezi kulimeza.
Niliibeba hadi maabara, nikaiwasha,
mwali ukasimama wa buluu, mnyoofu kama mwanafunzi wa mbele;
ilifaulu ibara zote za nchi zote tatu.
Kule bafuni, ndani ya vioo vyake viwili viwili,
mwali uleule uligeuka njano, ukaramba masizi,
ukala pumzi iliyokuwa ya Anzor.
Dalili ya mvua ni mawingu, haya.
Hii haina wingu, haina harufu,
haina hata sauti ya kumshtua mtu wa piano.
Walimkuta na sabuni ya kunyolea shavu moja.

Waliosema ajali haina kinga
hawakuwahi kuishika kinga hii mkononi:
kibati chenye matundu, viganja viwili kwa upana,
bei yake mikate sita.

Nimefuta tofauti ya lugha.
Nikaandika: mtu mmoja.
Nikafuta tena, maana jedwali litasomwa Alhamisi
na watu wenye tai, na jedwali halina pahali pa shavu.
Mwishowe nimeandika:
"Mmoja unaamuru, mwingine unashauri. Matokeo hayafanani."
Atalikata, namjua. Nimeliacha
kwa wino mweusi, apate taabu kidogo.

Jioni, nyumbani, naona mama ameliziba tundu la jikoni
kwa soksi ya sufi ya marehemu baba.
"Baridi," anasema, hata sijauliza.
Naichomoa. Anairudisha.
Naichomoa.
"Sharti," namwambia.
"Yafaa," ananijibu, akikoroga supu, hanitazami.
Tumekula hivyo, viwango viwili mezani,
soksi katikati,
na kijiupepo chembamba cha Kutaisi
kikipita bila kuomba ruhusa ya yeyote.