Gia Nne za Kurudi

Nilikitoa bandani kwa kuku, kule Ibra,
kigari chenye mlango usoni kama friji,
magurudumu matatu, taa moja nzima.
Tetea alikuwa ameatamia kwenye kiti cha dereva.
Mwenyewe akasema: chukua, ila mngoje aangue.
Nikangoja siku kumi na moja.

Ndiyo maana gereji nzima, Wadi Kabir,
wanakiita Kifaranga.

Injini haikuwapo. Mahali pa injini
palikuwa na kamba, koleo la kutu,
na gazeti la Kuwait lililokauka
hata herufi zikavunjika nilipolikunja.
Niliuliza vipuri Ujerumani. Wakanitajia bei,
nikacheka peke yangu kama mwehu.

Basi nikakumbuka pampu.

Pampu ya shamba letu, Suweiq: silinda moja,
shingo fupi, sauti ya mtu anayetwanga akiwa na hasira.
Ilivuta maji miaka ishirini na sita
mpaka kisima kikaingia chumvi,
bahari ikija chinichini, haikubisha hodi.
Ndimu zilitangulia. Mitende ikafuata, kuanzia kichwani.
Pampu haikufa. Ilinyamaza tu.

Sajan wa Thrissur ndiye mchomeaji wangu.
Kwa Kiswahili ana neno moja, *bado*,
nililomfunza bila kujua, kwa kulisema mno.
Tulikata fremu, tukachonga sahani ya chuma
ya kuozesha injini na giaboksi wasiojuana.
Injini ya pampu haijui barabara.
Inajua kasi moja, alfajiri hadi adhuhuri.
Tukaing'oa gavana,
tukaifunza kupumua kwa mguu wa mtu.

Alhamisi usiku nikaingiza gia ya kwanza,
nikaachia klachi taratibu:
kikaruka nyuma, kikagonga pipa la oili chafu.
Gia ya pili, nyuma.
Ya tatu, nyuma, tena mbio.
Ya nne sikuithubutu.
Rivasi ndiyo iliyokwenda mbele,
kwa adabu, mwendo wa bibi harusi.

Pampu ilizunguka kinyume. Miezi saba ya kupima,
hakuna aliyeitazama inazungukia wapi.

Walicheka hadi mpiga rangi akakaa chini.
Mimi nilibaki ndani, mlango umenifunga kifuani,
nikawaza: gia nne za kurudi, moja ya kwenda,
hiki kweli ni cha kwetu.
Nyumbani kila sentensi ina kurudi.
Tuliporudi. Kama tungerudi. Fulani hakurudi.
Mama, mzaliwa wa Wete, alishuka Maskati
mwaka sabini na tatu, hajawahi kuiona,
na aliyempokea akamwambia: mmerudi salama.

Dawa ilikuwa gia moja ya kati,
upana wa kisahani cha kahawa,
tuliyoitoa kwenye mashine ya kukorogea zege.
Jino likauma jino, mzunguko ukageuka.

Polisi hawajakipa namba, kwa hiyo
tulikipakia kwenye pikapu hadi shambani,
tukakishusha kati ya visiki vya mitende.
Nikavuta kamba mara tatu. Ya nne ikashika.
Ile sauti. Kinu, hasira, kinu.

Dirisha la jikoni likafunguka.
"Zahor! Fungueni mfereji wa ndimu kwanza!"

Sajan alinitazama. Hajui Kiswahili, lakini alijua.
Mama alikwisha toka, miguu mitupu, jembe mkononi,
kanga ameifunga kwa kazi.
Mfereji umejaa mchanga miaka tisa sasa.
Akasimama kichwani mwake, anangoja.

Sikuzima injini. Sikusema kitu.
Nikaingiza ya kwanza, kikaenda mbele,
kikafuata mfereji, polepole, kama maji yanavyofika,
gurudumu la nyuma likichora mstari kwenye vumbi
mpaka miguuni pake.

Akakitazama. Akagonga bati kwa mpini wa jembe.
"Hii," akasema, "inavuja mafuta."

Kweli. Na mfukoni nina nati mbili
zilizobaki, sijui za wapi.
Nilimwonyesha Sajan. Akazipima kiganjani,
akanirudishia.
Bado, akasema.