Bonyeo

Aikande alilileta juu ya lori la ndizi,
gari la baba yake, Datsun ya milango miwili,
limevikwa magunia ya kahawa kama mgonjwa wa homa.
Miaka ishirini na sita ndani ya banda, Kibosho.
Kuku walitagia kiti cha nyuma
na mayai, alisema, hayakuwahi kunuka petroli.

"Lichore upya," akaniambia. "Usilirudishe lilivyokuwa.
Lilivyokuwa, lilikuwa la baba."

Mimi ni fundi bodi, Bondeni, karibu na stesheni ya reli.
Nimenyoosha mabasi, pikapu, jeneza moja la bati.
Kuchora sijasomea.
Nikachukua chaki ya mwanangu, nikapiga magoti,
nikalichora zima, kwa ukubwa wake,
juu ya madoa ya oili:
boneti ndefu kama kauli ya mtu ajuaye atasikilizwa,
paa linaloteremka bila kuomba ruhusa,
kisha kile kiuno nyuma ya mlango
ambacho mkono wangu ulikataa kukikosea.

Vingine nilivifuta. Bampa la kromu, liende.
Taa za mbele, yale macho mawili ya duara,
nilizifuta mara nne
na mara nne nikazirudisha.
Aikande akainama, akafuta tairi kwa kiganja,
akalichora tena nje zaidi, upana wa vidole vinne.
"Hapo," akasema. "Sasa limesimama kama mimi."

Injini tuliitoa kwa mnyororo siku ya Jumanne.
Mahali pake inakuja mota ya umeme
isiyozidi sufuria ya wali wa watu kumi.
"Na mlio?" nikauliza. Maana mlio ule
watu wa Himo waliujua kabla hawajaona vumbi.
Akacheka kidogo.
"Mlio mliusikia ninyi mliokaa barabarani.
Sisi wa nyumbani tulisikia kimya, akishaondoka."

Kitu kimoja tu alinikataza nisiguse:
bonyeo la mlango wa kushoto, ukubwa wa chungwa,
jiwe la mashindano, njia ya Babati, mwaka wa mvua.
Baba yake alikuwa akitia gumba humo
kila alipofunga mlango.

Nakunda, mwanafunzi wangu kutoka Same,
siku hiyo hakuwapo.
Na mimi sikumwambia. Hilo ni langu.
Alhamisi nikaenda Mbuyuni kununua msasa,
nikarudi, mlango unang'aa kama maji ya mfereji.
Alikuwa amelitoa kwa nyundo ya mti, taratibu,
bila hata puti,
kazi safi kuliko yoyote niliyomfundisha.
Akanitazama, anangoja sifa.

Nilishika nyundo. Nikasimama mbele ya mlango.
Bonyeo la kughushi lingekaa wapi hasa?
Kina gani? Kwa hasira ipi?
Jiwe halikulenga.
Mimi ningelenga.
Nikairudisha nyundo msumarini.

Jumamosi nikamweleza yote, nikijiandaa kwa matusi.
Aikande akapitisha gumba juu ya bati,
akatafuta, akarudia, chini kidogo,
kama mtu apapasaye swichi gizani
kwenye nyumba aliyokwisha kuihama.
Kisha akageuka.
"Ni wewe?"
"Ni mimi, dada."
"Njoo unionyeshe ulivyofanya."

Wakachuchumaa, mmoja ndani ya mlango, mmoja nje,
nyundo ya mti ikienda ko, ko,
juu ya bati lisilo na kosa tena.
Mimi nikarudi sakafuni na chaki yangu.
Taa za mbele. Mara ya tano.