Sekunde Kumi na Moja

Nestan, video yako ilinifikia Jumanne usiku
katika vipande vinne, kimoja kikapotea njiani.
Huku Kutaisi mvua ilikuwa inanyesha, mume wangu amelala,
nami nimevaa miwani ya kusomea juu ya ile ya kila siku.

Nikaliona darasa lako:
watoto sita, jiko la kuni,
dirisha lililozibwa nusu na theluji,
na simu uliyoiegemeza kwenye ndoo
ikitazama upande kidogo, kama mtu mwenye haya.
Ulichora mkate ubaoni, kisha ukaleta mkate wenyewe,
na Lazare akaila robo kabla hujaiandika.
Nilicheka peke yangu. Nikaandika: vizuri.

Halafu ukauliza,
nusu ya robo ni ngapi?
Ukajibu mwenyewe: thumuni.

Nikarudisha nyuma. Nikahesabu.
Sekunde moja na chembe.
Ukauliza tena, ukajibu tena,
sauti yako ikilipita mbio swali lake
kama mtu anayefukuzwa na kimya.

Fomu ya mradi ina visanduku kumi na vinne:
malengo, zana, ushiriki, hitimisho na vinginevyo.
Hakuna kisanduku cha mkono wa Tekle,
yule wa nyuma, mwenye sweta ya kaka yake,
mkono ambao dakika ya tisa uliinuka kutoka mezani
kiasi cha upana wa kalamu,
ukarudi.
Wewe ulikuwa umegeukia ubao.
Niliutazama mkono ule mara tano.

Nilitaka kukuandikia: ngoja sekunde saba.
Subira huvuta heri, sawa,
ila hakuna aliyetuambia huivuta kwa sekunde ngapi.
Kisha nikaikumbuka miaka yangu thelathini na mmoja ya kemia,
nikiuliza huku nimewapa mgongo,
nikijibu huku chaki inalia.
Wanafunzi wangu sasa ni madaktari, madereva, marehemu.
Wangapi waliinua upana wa kalamu?
Mimi sikuwa na ndoo wala simu,
wala mtu wa kunitazama, ila mkaguzi
aliyekuja mara moja kwa mwaka, akasifu mapazia.

Alhamisi tukakutana kwenye skrini.
Nilikuwa nimejipanga: nianze na sifa, nifuatishe swali,
ndivyo tulivyofunzwa sisi walezi wapya
(maana nami ni mpya, usimwambie mtu).
Nikakuuliza: "Ukiuliza swali darasani, unaogopa nini?"

Ukaganda.
Macho yameganda, mdomo nusu wazi.
Nikasema moyoni, theluji imeulemea waya huko milimani.
Kidole changu kikaelekea kitufe cha kukata.
Nikafungua kinywa nikujibie,
jibu nilikuwa nalo tayari, zuri, lenye vipengele vitatu.
Nikakifunga.

Nne.
Jokofu likanguruma.
Sita. Saba, ile saba yangu, ikapita hivi hivi.
Ngozi ya shingo ikaniwasha.
Tisa.

Kumi na moja, ukasema:
"Naogopa wakinyamaza,
watasikia kwamba nami sijui kitakachofuata."

Mtandao haukuwa umekatika, Nestan.
Nilikuja kuligundua hilo usiku, nikiwa kitandani:
mvuke wa kikombe chako ulikuwa ukipanda muda wote.
Ulikuwa unafikiri.

Video ya wiki hii haijafika, nasikia barabara na umeme vyote vimelala.
Fomu nimeituma ilivyo.
Kisanduku cha kumi na nne, mahali pa ushauri,
nimeandika namba tu, 11.
Leo wamenipigia kutoka ofisi ya Tbilisi,
kijana mwenye adabu, Vakhushti sijui nani,
anauliza, mama, hii maana yake nini?

Nimemnyamazia kidogo kabla ya kujibu.
Nimemsikia akivuta kiti.