Walinzi

Seonaid amepiga magoti kwenye kinamasi cha Uskoti,
lenzi jichoni, mbele ya kidoa cha kuvumwani
kisichozidi kifungo cha koti.
Kwingine hakipo; katafuta misimu saba.

Shingoni usubi wanamla.
Hao hawana daftari, hesabu yao ni kofi.

Mwenye hoteli anataka kinamasi kikaushwe:
wageni wanajikuna, wanahama kabla ya chai.
"Kwa ajili ya kijani hiki? Hata kondoo hashibi!"

Seonaid hajibu. Anajua
maji yanayowalea wale wasiohesabika
ndiyo yanayokinywesha hiki kimoja,
na kwamba hakijakanyagwa mpaka leo
kwa sababu moja tu, nayo inauma.

Anaandika: *Kipo bado.*
Pembeni, kwa kidole kilichovimba:
*Walinzi tele.*